Bata wawili wa bibi yako

Mjukuu wangu Mwanasha,

Bibi yako amekufa Jumatatu. Tumemzika hapa Msambweni. Sisi wengine wazima, alhamdulillahi.

Umeuliza wale bata wa mbao wana maana gani, na kama utapata mmoja wa kumkumbukia. Nilipewa nilipooa, na Mchina niliyekuwa nikimjengea ukuta Diani. Alisema ni mume na mke, wanaleta ndoa ya kudumu. Mimi nikaweka mmoja juu ya mlango, mwingine chumbani, kama tunavyoweka hirizi, nyumba yote ilindwe. Bibi yako akacheka. "Ndoa gani hiyo, mume analala mlangoni?" Akawaweka pamoja, wasitengane tena.

Kwa hiyo mmoja sikupi. Nimewafunga wote wawili kwenye leso yake, mjomba wako atakuletea. Mimi kesho narudi kazini.

Babu yako