Ampli ya Maneno ya Baba

Lundi, tarehe 3, mwezi wa kumi na moja
Nimetengeneza radio mbili za bateja, kisha nikarudilia ampli ya Baba, ile mashini ya kukuza sauti. Imenishinda. Jana kule Beni, Baba alishika micro ya kusemea, akafungua kinywa, ampli ikapiga filimbi. Batu bote bakaziba masikio. Bajukuu bakacheka. Baba akaweka micro chini. Haya gani ile! Butembo muzima baniita fundi Masika, na baba yangu nimemupatisha haya mbele ya batoto yake.

Ugonjwa wa koo umemaliza sauti yake. Anabakia kunong'ona. Na kwetu, muzee akikaribia kwenda, anaacha maneno: anabariki, anagawa shamba, na batoto bote basikie pamoja, kwa kinywa chake. Ukiambiwa na mwingine, inazaa fitina. Kaka zangu Paluku na Kambale tayari banaangaliana vibaya juu ya shamba la Vuhovi.

Mardi, tarehe 4
Nilifikiri ni micro kusikia baffle, ile spika. Hapana. Juzi kule Beni nilichomoa micro, ampli ikaendelea kulia peke yake. Basi ugonjwa uko ndani.

Nimechora sirkiti yote ya ampli kwa ordinateur, kompyuta yangu, kwa ile programu ya kujaribisha bila kuunguza kitu. Nikaingiza mawimbi ya umeme yenye umbo la mraba. Yakatoka mraba, pembe zote sawa. Ordinateur inasema ampli ni muzima. Uongo mutupu! Nimekasirika, nikafunga, nikaenda kula bugali.

Mercredi, tarehe 5
Mujinga ni mimi. Kwa ordinateur niliweka baffle tu, nikasahau câble, ule waya wa kupeleka sauti. Kule Beni kuna câble ya metre makumi tatu, kutoka kitanda cha Baba mupaka baffle ya kwenye uwanja, sababu batu bote habaenee ndani. Nimeongeza kondensateri ndogo, kipande cha kushika umeme, mahali pa ile câble. Ayi mama! Kila pembe ya mraba ikaanza kutetemeka, haitulie. Ndo ile filimbi. Nimeiona kwa macho.

Mama amepiga simu. Baba anauliza kama nakuja kesho.
— Kesho ampli italia tena, Mama. Nakuja samedi, tarehe 8.
— Wewe ndo fundi, binti yangu.

Jeudi, tarehe 6
Kwa ordinateur nimeongeza koili ya waya kwa njia ya sauti kutokea, nikabadilisha kondensateri ya ndani. Kabla ya saa sita mraba ulitetemeka mara moja tu, ukatulia. Ilitosha. Ningefunga ile vipande, ningepanda pikipiki, magaribi niko Beni.

Sikusimama. Nilitaka mustari wa ule mraba unyooke kabisa. Nikajaribisha câble ya metre mia moja, kisha mia mbili. Nani Beni iko na câble ya metre mia mbili?

Vendredi, tarehe 7
Nimefunga vipande vyote kwa ampli yenyewe, na câble ndefu. Kimya safi. Nimecheka peke yangu kwa atelier, mahali pangu pa kazi.

Samedi, tarehe 8
Beni. Bote bako: bandugu, bashangazi, bajukuu bamekaa kwa majani. Ndani, kwa kitanda, Baba alishika micro kwa mikono miwili. Ampli haikupiga filimbi hata kidogo. Midomo yake ilitembea, neno halikutoka. Ilitoka pumzi tu. Pumzi ya Baba ikajaa uwanja muzima, kila mutu akaisikia vizuri sana. Hakuna mutoto aliyecheka.

Paluku akaingia ndani, akainama karibu na kinywa cha Baba. Kambale akamuvuta kwa shati: « Hapana wewe peke yako! »

Nilikimbilia jikoni. Mama akanifuata. Akasema juzi, jeudi asubui, sauti ya Baba ilirudi kidogo, ikabakia mupaka usiku. Kaka zangu bote babili balikuwa pale. Bakamuambia, « Sema sasa, Baba. » Akakataa. Akasema Masika anamutengenezea, bangoje Masika.

Dimanche, tarehe 9
Baba amekwenda. Saa kumi na mbili ya asubui.

Mardi, tarehe 11
Tulimuzika jana. Paluku na Kambale balibeba sanduku pamoja, lakini leo habasalimiane. Kila mumoja amenivuta pembeni, akauliza: kwa ile pumzi, hukusikia jina langu? Nimejibu sikusikia. Ni kweli.

Mvua tangu asubui. Tunachambua maharagi na Mama. Hajanilaumu. Amenisogezea kiti karibu na moto, ameniuliza kama nimekula. Afazali angenitukana.