Amina ya Luhende

Rose, leo Jumamosi tarehe 14 Machi, hapa Nyakato kumekucha na manyunyu, nami nimeamkia aibu.

Tovuti ya kwaya, ile niliyoitengeneza baada ya masomo ya jioni, imejaa picha za uchi. Picha za uchi, Rose, mahali pa picha za kwaya!

Nikampigia Luhende, mwanakwaya mwenzetu ninayesoma naye, aliyeniwekea plagini, kijiprogramu cha kupokea picha kwenye tovuti. Akanijibu bila haya: "Dada, ile haikagui ruhusa. Mtu yeyote anapakia faili, hata nywila haulizwi. Nilijua tangu Januari."

Alijua!

Unakumbuka tulivyoiwekea laptop mikono, kwaya nzima, tukaiombea tovuti? Aliyeitika "Amina" kwa sauti kuliko wote ni yeye. Alijua, na akaitika.

Nikamuuliza, kwa nini ulininyamazia?

"Ulikuwa na furaha sana, dada."

Nimeifunga tovuti. Mazoezini asubuhi hii nilisimama mbele ya wote, naye yupo, nikasema: "Nitaifungua siku nitakapojaribu kupakia picha mwenyewe kama mgeni, nikashindwa. Kabla ya hapo, mtu asiniitikie Amina."