Kima Aliyekula Maembe Mawili

Borafya, pokea simu! Nimekwisha mimi!

Binti yangu Rukaiya kaleta mwalimu hapa nyumbani ampime Ilham kuzidisha. Ghafla tu, kahawa yangu iko mdomoni, ananiambia: "Akishindwa, Baba, Jumatatu nampeleka Dar kwa shangazi yake akasome shule." Mjukuu wangu ninayemsomesha mwenyewe!

Akaanza vizuri, wallahi. Tebo ya mbili mpaka ya sita kazimwaga kama maji. Mwalimu akauliza, "Saba mara nane?"

Mtoto kacheka. "Hamsini na nne!"

Hamsini na nne, Borafya!!

Unawakumbuka wale kima wa msitu wa Jozani niliowachora ukutani nimfundishie kuzidisha? Kima saba, kila mmoja kaiba maembe manane. Basi jana nikatia chumvi: yule mdogo alishikwa na njaa, akala mawili njiani. Nilitaka acheke tu!

Mwalimu akasema, "Ni hamsini na sita, mwanangu." Ilham akasimama, machozi yanamtoka. "Hapana! Kima mdogo kala mawili! Babu alikuwapo, kamuona kwa macho yake!"

Rukaiya akanigeukia polepole. "Baba, ulimuona?"

Nimekimbilia chooni, ndiko nnakokuandikia. Nikikubali nimezua, kosa litakuwa langu na mtoto atabaki, lakini hatoniamini tena hata nikimwambia mbili mara mbili ni nne. Nikishikilia, Jumatatu anapanda boti.

Wanagonga mlango. Nifanye nini?

Borafya, ni yeye anayegonga. "Babu, toka uwaambie!"