Rafu Zangu za Mikate

Alhamisi

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Trela langu la mikate, lile la boksi, leo nimelikuta halina rafu hata moja. Fundi amezikata zote!

"Mzee amesema jeneza haliingii," akanijibu.

Mzee ni shemeji yangu mkubwa. Jumamosi tunampeleka mama mkwe kuzikwa nyumbani Pap Onditi, na shemeji hakuniuliza hata neno. Nani pale sokoni Ahero atanunua mkate uliotoka kwenye gari la maiti?

Nikazunguka nyuma kumfokea. Nikamkuta anapima mlango wa trela, anasahau namba, anapima tena.

"Mama Akinyi, nishikie futi huku," akaniambia.

Nikashika, kwa sababu mama yake ndiye aliyenifundisha kuoka. Lakini Jumatatu rafu zangu atazirudisha. Zote.