Nilisema kuna mgonjwa, na mgonjwa hayuko

Mpendwa mama mshauri, nakuandikia nikiwa sijui hata nianzie wapi, naomba unisaidie. Mimi ni mjane wa hapa Lubumbashi, komini ya Katuba, na marehemu mume wangu aliniachia ukumbi wa sherehe nyuma ya nyumba. Kipindupindu kilipoingia mjini sherehe zilikatazwa, na Baba Clovis, muuguzi wa kituo cha afya, akaniomba niwapokee watu waliokuwa wakilala kwenye vibaraza vya soko, maana huko walikuwa wanakunywa maji machafu ya mfereji na wawili walikuwa wamekwisha kufa, nami nikakubali, wakaja kumi na wanne, tukaweka ndoo za maji ya klorini mlangoni, tukachimba choo, na kwa miezi mitatu hakuugua hata mmoja.

Sasa ugonjwa umepungua na kumbi zimeruhusiwa kufunguliwa. Shemeji yangu Asani, ndiye aliyenisimamia nilipofiwa, anautaka ukumbi kwa ndoa ya binti yake, na hawa watu hawana pa kwenda ila kurudi sokoni, nikashindwa kumkatalia, nikashindwa kuwatoa, nikajikuta nasema, "Shemeji, mule mungali muntu anatapika."

Ni uongo, mama, mle ukumbini hakuna anayetapika. Asani akaogopa, akawaambia majirani, nao wakawakataza watu wangu kuchota maji kwenye bomba la mtaa, na Mama Chanda, mmoja wa hao kumi na wanne, aliyekuwa ameanza kupata wateja wa kufulia nguo, wateja wote wamemkimbia. Jana alikuja akaketi jikoni kwangu, akaniuliza polepole, "Mama Amida, ni nani ule iko mugonjwa? Siye bote tuko bazima." Nikamjibu kwamba sijui, halafu nikamchemshia chai, hata sijui kwa nini chai.

Sielewi tena kama ninawalinda au ninawaangamiza, wala kama ni huruma au ni upweke wangu tu, kwa sababu tangu waje nasikia tena sauti za watu uani asubuhi. Nikisema kweli nitampoteza shemeji, nikinyamaza watarudia maji ya mfereji. Nifanye nini?

Amida, Katuba

Amida, pole, na ahsante kwa miezi mitatu ambayo hakufa mtu. Sasa nisikilize, kwa sababu sitakubembeleza. Uliogopa uso wa shemeji mmoja, ukawabandika watu kumi na wanne ugonjwa wasio nao. Kama ni huruma au ni upweke, hilo utaliwaza baadaye. Aliyelala pakavu hakuulizi ulimfungulia kwa sababu gani, lakini mwenye kiu hawezi kungoja mpaka uielewe roho yako.

Nenda kwa Asani leo hii, umwambie ulimdanganya, bila kuzungukazunguka. Atakasirika, na ana haki. Kisha mwombe Baba Clovis aende bombani awaambie majirani kwamba ukumbini hakuna mgonjwa, nawe usimame kando yake useme uongo ule ulikuwa wako. Mama Chanda mwombe radhi kwa mdomo, na kwa wale wateja wake upite mwenyewe, nyumba kwa nyumba.

Kuhusu ndoa, umejitesa bure. Ndoa ni siku moja. Siku hiyo watu wako walale sebuleni kwako, kesho yake warudi ukumbini. Baada ya hapo wewe na Baba Clovis muende kwa shefu wa mtaa, muwatafutie vyumba vya kupanga kidogokidogo, na usimtoe mtu kabla hajapata mlango wake.

Jambo la mwisho. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali ulipowauliza hao watu wenyewe wanataka nini. Sikupaona. Waite wote, waambie ukweli, halafu uwaulize, na ufanye hivyo kabla hujavaa viatu kwenda kwa Asani.