Kisanduku cha Baba Mkwe

Dodoma, Jumatatu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kama barua imekukuta asubuhi, basi mwakeye pia. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua unaipaka, au umeiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni? Mimi ni mzima wa mwili, roho ndiyo imechafuka, na sababu mojawapo ni wewe. Usinune, soma kwanza.

Unamkumbuka yule kijana wa Gungu aliyekuja na kishikwambi kuwaandikisha wakausha dagaa, ili mpewe chanja za waya muache kuanika mchangani? Majina aliyokusanya yameletwa ofisini kwetu, nikapewa mimi niyakague. Yamepangwa kwenye jedwali: kila mtu na mstari wake, kila swali na kisanduku chake. Vipo visanduku ambavyo ni lazima vijazwe, na kimoja ni jina la mwisho la mume, yaani jina la baba yake. Mkuu wangu wa kazi amesema asiyekuwa nalo, mstari wake unafutwa Ijumaa ya wiki ijayo na chanja inakwenda kwa mwingine.

Kukagua kwa macho kungenimaliza. Nikaandika fomula: ukikuta kisanduku kitupu, andika pembeni PUNGUFU. Kompyuta ikajibu hakuna pungufu hata mmoja. Nikafurahi, nikaenda kunywa chai. Kurudi, natazama mistari ya kijiji chetu, Mwamgongo, visanduku vyeupe pe. Macho yangu yanaona vitupu, fomula inasema vimejaa. Nilibishana na ile mashine mpaka nikataka kulia.

Nikampigia yule kijana. "Dada, usinikasirikie," akasema. "Kishikwambi kilikuwa kinagoma kwenda mbele kama hujaandika kitu. Wale mama nikiwauliza, wanatazama ziwa. Mmoja akanambia, 'Mwanangu, wewe andika tu.' Niandike nini sasa? Nikabonyeza nafasi."

Nafasi, Mama. Ile ya kutenganisha maneno. Haionekani, lakini kompyuta inaihesabu kama herufi. Ikabidi niandike fomula nyingine: kwanza ondoa nafasi zote, kisha hesabu herufi zilizobaki, na kama hakuna kitu andika PUNGUFU. Mwamgongo karibu yote ikageuka PUNGUFU, toka juu hadi chini, na wewe ukiwa katikati yao.

Mkuu wangu akaja akasimama nyuma ya kiti changu. Yeye kwao ni mbali na ziwa. "Hawa wanawake hawajui majina ya waume zao?" akauliza, anacheka. Mama, nilikasirika. Nikamwambia wanayajua vizuri kuliko yeye anavyolijua la kwake, ila kwetu mke hatamki jina la baba mkwe, hata akiwa kaburini. Na kumtuma kijana mgeni akawaulize mchana, wakati waume wamelala baada ya kuvua usiku kucha, ni kosa la aliyetunga maswali. Akasema heshima haina kisanduku. Alichokubali ni kimoja tu: majina yatamkwe na mume au ndugu yake mtu mzima mbele ya mwenyekiti wa kijiji, yaletwe kabla ya hiyo Ijumaa.

Sasa hasira inakugeukia wewe. Wenzako wana waume, watawaamsha nao watasema. Baba hayupo tena, na mimi ndiye mtoto wako pekee. Jina la babu nalijua, kulichapa ni kufumba na kufumbua. Lakini mimi ndiye mkaguzi. Nikijaza la mama yangu kwa mkono wangu wataniambia nimeghushi, mistari ya kijiji kizima itafutwa na mimi nitafukuzwa. Aliyebaki wa kulitamka ni binti wa babu, Shangazi Tausi, wifi yako, ambaye hamsemezani tangu mlipogombea sehemu ya kuanikia pale ufukweni. Sehemu yenyewe ni mchanga, Mama. Mvua iliponyesha dagaa wenu wote walioza, wake upande wake na wako upande wako, mnatazamana. Wagombanao ndio wapatanao, lakini ninyi mmekataa hata kuanza. Kila mmoja ananiambia mwenzake ndiye atangulie, nami nimechoka kuwa ukuta wa kuegemewa pande mbili.

Ndiyo maana nimeandika. Kwenye simu, kila nikimtaja Shangazi unasema mtandao mbaya. Barua haina mtandao. Nimempa jirani anayepanda treni kesho, ataishusha Kigoma na kuipandisha boti.

Nisalimie Mjomba fundi mitumbwi, na jirani yetu muuza chumvi, na mwenyekiti umwambie asisafiri mpaka hiyo Ijumaa ipite. Salamu zangu kwa Shangazi Tausi sikumpa mtu mwingine. Nimeziweka kwako uzifikishe kwa mdomo wako, na salamu ni amana, hazilali ndani. Ukifika kwake huna haja ya kutamka jina lolote. Sema tu, "Wifi, niitie baba yako mbele ya mwenyekiti." Atajua.

Na mimi jina la babu sijaliandika popote humu, ingawa hasira ilinisukuma. Najua unasoma kwa sauti.

Mwanao, ambaye kila asubuhi anafungua mstari wako kwanza,

Zaina