Pointi Namba Nne

Jumanne, 4 Machi 2025

Nimeingia. Mungu wangu, nimeingia chumba cha kulala cha baba mkwe!

Miaka sita nimeolewa hapa Kathiani, na mlango ule huwa naupita nikiangalia upande mwingine. Nthoni ni nthoni, ile miiko yetu ya wakwe. Mke wa mwana hakanyagi anakolala mzee, wala hawapokezani kitu mkono kwa mkono, basi, hakuna kujadili. Na aliyenisukuma ndani ni mwaitu, mama mkwe mwenyewe! Mzee Nzuki alipoondoka na gari la jirani yetu Kiema kwenda mazoezi ya mkono Machakos mjini (ni kila Jumanne na Ijumaa), mwaitu akanishika kiwiko. Eti si mimi ndiye hutengeneza redio za watu sokoni? Basi nitengeneze na ya nyumbani. Na nisimwambie mtu, hata Muli mume wangu.

Reli yake ndogo! Nilikuwa naisikia tu kupitia ukuta. Meza nzima ya plywood, stesheni, mabehewa yanayotosha kiganjani. Mzee alifanya kazi ya kubadilisha njia za treni za kweli miaka thelathini, akastaafu, akajitengenezea zake. Tangu stroke ya mwaka jana hasemi neno. Mkono wa kulia umelala. Wa kushoto ndio hubonyeza vitufe. Kila reli inapogawanyika — wenyewe huita pointi — kuna mota ndogo chini ya meza. Ukibonyeza, inavuta reli upande: tak! Kutwa nzima tak, tak. Ndicho kitu pekee kinachomtoa kitandani.

Sasa namba nne imekataa kugeuka kushoto. Wiki mbili. Na mzee ameanza kurudisha chakula bila kukigusa. Mwaitu aliniambia kwa sauti ya chini, “Kwanza aliacha kuongea. Akiacha na hii, mimi nitabaki na nani?”

Nimepima. Mota ina koili mbili na waya tatu: moja ya pamoja, moja ya kushoto, moja ya kulia. Koili zote mbili mita inasoma sawa. Kwa hiyo mota ni nzima. Waya nayo nzima. Ni kitufe cha kushoto, kimeliwa ndani. Nimechora kila kitu kwenye daftari hili, nikatoka mbio. Naogopa hata kumpelekea chai jioni, nikidhani atanusa kwamba nilikuwa kwake.

Ijumaa, 7 Machi

Jana nilienda mjini kwa Hafso, mwenye duka la vitu vya stima. Akaniuliza, “Mama, unataka swichi ya kengele ama ya taa?” Nikacheka. Kengele ya nini na huku kwetu mtu anapiga hodi? Nikachukua ya taa, iko imara.

Leo nimeifunga. Nilijaribu haraka haraka, washa, zima — TAK! Reli ikahama kushoto. Mwaitu akapiga makofi pale mlangoni alipokuwa akichunga njia, halafu akajiziba mdomo.

Jumamosi, 8 Machi

Muli amerudi kutoka kazini, kiwandani EPZ. Kauliza ni nani ametengeneza. Mwaitu: fundi mmoja wa mjini. Hakupepesa hata jicho! Mzee amekula muthokoi sahani nzima.

Jumapili, 9 Machi

Moshi. Chumbani kwa mzee. Tumerudi kanisani tukakuta moshi unatoka kwa dirisha.

Siwezi kuandika.

Jumatatu, 10 Machi

Yuko hai. Niandike hilo kwanza.

Nimeelewa kosa, na nikilielewa zaidi naogopa zaidi. Kitufe cha zamani hurudi chenyewe ukiondoa kidole. Stima inapita kufumba na kufumbua, mota inavuta, imekwisha. Swichi ya taa inabaki pale ulipoiacha. Mimi niliwasha nikazima. Jumamosi mzee aliichezea tena na tena, ikawa inawaka na kuzima; Jumapili alibonyeza mara moja, akaondoa mkono kama siku zote. Koili ikabaki inakula stima mpaka ikaungua. Blanketi liko hapo hapo pembeni! Na yeye hawezi kupiga kelele. Alikaa ndani ya ule moshi akitazama mlango tu, mpaka Muli akaja kung’oa plagi.

Muli kabla ya kurudi kazini: “Huyo fundi nikimpata nitamvunja miguu.” Nilikuwa nakoroga ugali. Niliendelea kukoroga. Mwaitu naye akainama kusukuma kuni.

Mzee amegeukia ukuta. Hajala tangu jana.

Alhamisi, 13 Machi

Chai tu. Vijiko vitatu, vinne.

Koili hiyo haiuzwi Machakos. Nimepigia maduka matatu Nairobi, moja wakacheka. Nimefungua feni mbovu, nitoe waya yake nifunge koili upya kwa mkono. Na kitufe safari hii ni cha kengele, nimekipima mara kumi. Kesho akienda mazoezi. Kama ataweza kwenda. Ee Mungu, nisiwe mimi niliyemuua.

Ijumaa, 14 Machi

Niko chini ya meza. Naandika kwa penseli kwa sababu nisipoandika nitapiga kelele.

Amerudi! Hawakufika hata nusu ya safari. Nimemsikia Kiema akimwambia mwaitu uani, “Mzee ameishiwa na nguvu, nimegeuza pale darajani.” Sikupata hata dakika ya kutoka. Kiema amemkalisha kitandani, akatoka. Mwaitu ameingia, akaona mguu wangu, akasema kwa sauti kubwa anaenda kuleta uji. Uji gani huo usiokwisha kuiva?

Naona soksi zake. Moja imegeuzwa. Naona fimbo.

Kitufe nimeshakifunga, lakini koili yangu imegoma. Waya ya feni ni nyembamba mno, imekatika mara mbili, ya pili sasa hivi mkononi. Nikipumua atanisikia.

Amesimama. Anabonyeza namba nne. Hakuna. Tena. Hakuna. Kitufe kinarudi vizuri — lakini huku chini hakuna mota. Amepapasa kile kitufe kipya, nasikia kucha.

Amejua? Amejua kuna mtu.

Anafungua droo. Mkono mmoja, pole pole, kitu kinaanguka, anatafuta tena. Karatasi inachanika.

Anapumua kwa nguvu. Fimbo imeegemea meza. Akianguka hapa nitafanya nini? Nitamshika?

Mkono wake wa kushoto umeshuka, chini ya ukingo wa meza, mbele ya uso wangu kabisa. Umeshika mota. Mpya, ina karatasi ya kiwandani bado, waya tatu zimefungwa na uzi.

Haiweki chini. Hawezi kuinama zaidi. Anasubiri mtu aipokee, mkono kwa mkono, na mtu mwenyewe ni mke wa mwanawe.

“Nduku,” amesema.

Amesema! Jina langu, limepinda lakini ni langu. Mwaka mzima hajasema hata la mkewe.

Mota inaanza kumponyoka vidoleni. Hautakaa hapo sana. Naweka penseli